Uliza Fundi: Bendi inahesabu hatua lakini meseji haziji mkononi

Siku hizi ukipita Maisara hapa Unguja alfajiri utafikiri kuna sikukuu, kila kikundi cha mazoezi na fulana zake, na mikononi bendi, zile za mazoezi zinazounganika na simu, na saa za kila rangi. Wengi walioniandikia mwezi huu wanauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: hatua zinahesabiwa, mapigo ya moyo yanaonekana, lakini meseji ya simu haitokezi mkononi, au inatokeza nusu, au zinakuja nyingi mpaka mtu anataka kuivua saa aitupe. Nimechagua masuali machache, nyengine nimezifupisha mana kuna mtu kaandika barua ndefu kuliko khutba.

Asalaam alaykum Fundi. Mwanangu alie Muscat kaniletea bendi ya Xiaomi, nami nnakwenda mazoezi na wenzangu kila alfajiri na hatua inanihesabia vizuri alhamdulillah. Lakini kanambia mama ukiivaa hii hutopitwa na meseji tena, mbona mimi nnapitwa vilevile? Simu yangu Tecno, meseji za WhatsApp zinaingia kwenye simu kama kawaida ila mkononi kimya. Kijana mmoja wa dukani kanambia bendi mbovu ninunue nyengine. Jee kweli?
*Mama wa Jang'ombe*

Waalaykum salaam mama yangu. Usinunue. Bendi ikiwa inahesabu hatua na hatua zenyewe zinaonekana kwenye simu basi mawasiliano yapo, kilichobaki kipo ndani ya simu yako, na huyo kijana usimlaumu sana mana yeye yupo pale kuuza.

Kwanza tuelewane hiki kitu kinavofanya kazi, ukishaelewa hapa mengine yote utayatatua mwenyewe. Bendi haina laini, haina intaneti, haijui WhatsApp ni nini. Ni kama mtoto uliemweka mlangoni akwambie nani kapita, akiona mtu atasema na asipoona atakaa kimya. Meseji ikiingia, simu inaweka arifa kule juu kwenye lile pazia unalolivuta kwa kidole. Programu ya bendi, ambayo kwa Xiaomi ni Mi Fitness na kwa zile za zamani ni Zepp Life iliyokuwa ikiitwa Mi Fit, inasoma pazia hilo alafu inairushia bendi kwa Bluetooth. Basi. Kwahiyo meseji isipotokea kwenye pazia la simu haitotokea mkononi hata ufanyeje, na ikitokea kwenye pazia lakini mkononi hamna basi programu ya bendi ama haikuruhusiwa kusoma ama imelazwa usingizi.

Tuanze na ruhusa. Nenda setingi za simu, kule juu kuna kisanduku cha kutafutia, andika arifa, au kama simu yako ipo kwa Kiingereza andika notification, itakuletea sehemu ya programu zilizoruhusiwa kusoma arifa. Itafute Mi Fitness humo uiwashe, simu itakutisha kidogo kwamba programu hii itaweza kusoma arifa zako zote, ndo kazi tunayoitaka hiyo kwahiyo kubali. Ukikuta tayari imewashwa usiseme hapa sawa ukaondoka, izime kisha iwashe tena, mana mara nyingi simu ikishajiapudeti ruhusa inaonekana ipo lakini haifanyi kazi mpaka uiguse.

Pili, fungua Mi Fitness yenyewe, ingia kwenye ukurasa wa bendi, tafuta sehemu ya arifa za programu, washa swichi kubwa ya juu kisha chagua WhatsApp kwenye orodha. Watu wengi wanawasha ile ya juu wakaridhika, wakati orodha ya chini haina hata programu moja iliyochaguliwa! Meseji za kawaida na simu zinazoita mara nyingi zina swichi zao mbali, ziangalie pia. Na kama unatumia WhatsApp mbili, ile ya kawaida na ile ya biashara, hizo ni programu mbili na kila moja ichaguliwe peke yake. Hapohapo kuna kiswichi kinachosema arifa zije pale tu simu inapokuwa imefungwa skrini, kizuri sana hicho mana kinazuia mkono usitikisike huku simu ipo mbele ya macho, lakini ndo kinachowafanya watu waseme bendi mbovu, kwa sababu wanajaribu huku simu wameishika iko wazi na wanasubiri mkono utikisike, hautotikisika.

Tatu, na kwako mama hapa ndo napashuku zaidi. Tecno, Infinix na itel ni za nyumba moja, na simu zao zinapenda sana kuua programu zinazokaa nyuma ili betri idumu. Unafungua Mi Fitness asubuhi meseji zinakuja, baada ya saa moja mbili simu imeshaiua na mkono umenyamaza, ukiifungua tena zinakuja, ukaona mambo ya ajabu. Dawa yake: setingi, programu, Mi Fitness, betri, weka isibanwe. Kisha kuna ile programu ya Phone Master inayokuja na simu, humo mna sehemu ya kuruhusu programu kujiwasha zenyewe, iruhusu. Alafu ukifungua ile orodha ya programu ulizozitumia karibuni bonyeza Mi Fitness uiwekee kufuli, ili siku ukiamua kusafisha simu, mana nnawajua mama zetu kwa kusafisha, usiifagie na yeye.

Kujaribu: funga skrini, weka simu kwenye meza, mwambie mjukuu akutumie meseji kwa simu nyengine. Si kwenye kundi ulilolinyamazisha, mana WhatsApp ikinyamazishwa simu hainyanyui sauti na bendi nyingi nazo zinafuata hivohivo. Na kama umefungua WhatsApp kwenye kompyuta unaandika huko, simu nayo mara nyingi hunyamaza kwa kuona wewe tayari unasoma.

Fundi mambo vipi. Nimechukua saa moja Darajani, haina jina la maana lakini nzuri, kwenye boksi ina ile michoro ya kuskani. Nimeskani ikashuka apu nikaiweka. Sasa inataka ruhusa ya arifa, nikienda huko apu ina rangi ya kijivu haibonyezeki na simu inasema eti kwa usalama wangu setingi hii haipatikani. Simu Samsung. Kwani simu yangu imefungwa?
*Kijana wa Mlandege*

Haijafungwa kaka, inakulinda. Kuanzia Android 13 iliyotoka 2022, programu uliyoishusha pembeni, yani si kwa Playstore, haipewi ruhusa ya kusoma arifa kirahisi. Sababu ni kwamba wezi walikuwa wanawatumia watu mafaili ya programu kwa linki, mtu akiliweka na kukubali kila kinachoulizwa, programu inakaa kimya inasoma meseji za benki na zile namba za siri za kuthibitisha. Kwahiyo Google wakaweka kizuizi palepale.

Njia iliyo salama ni hii: ifute hiyo apu, angalia jina lake kwenye boksi au kile kikaratasi cha maelezo, saa nyingi za aina hiyo zinatumia Da Fit au FitPro au nyengine kama hizo, kisha itafute kwa jina Playstore uiweke kutoka huko. Ikiwa ndo hiyohiyo saa itaunganika kama kawaida na rangi ya kijivu itaondoka. Michoro ya kwenye boksi mara nyengine inakupeleka Playstore moja kwa moja na mara nyengine inakushushia faili, ukiona simu inakuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka chanzo kisichojulikana ujue ni faili, rudi nyuma.

Ikiwa Playstore haipo kabisa, njia ya kulazimisha ipo: jaribu kwanza kuiwasha ile ruhusa simu ikukatalie, kisha nenda setingi, programu, ifungue hiyo apu, juu kulia kuna vidoti vitatu, ndani yake utakuta sehemu ya kuruhusu setingi zilizozuiwa. Vidoti havitokei mpaka kwanza ukataliwe, ndo mana wengine wanavitafuta hawavioni. Lakini mimi rai yangu kama simu hiyo ndo yenye Mixx by Yas au Airtel Money yako na ya benki, usifanye. Saa ya bei ile haifai kuisomesha meseji zako za pesa na programu isiyojulikana kwao wapi. Ivae kwa hatua na saa, meseji utazisoma kwenye simu kama wazee wetu.

Jengine, usiiunganishe saa kwa kwenda kwenye Bluetooth ya simu ukaichagua pale. Ifungue programu yake uiunganishe kutokea ndani ya programu. Saa zinazopokea simu, zenye spika na maiki, zina miunganiko miwili, mmoja wa mazungumzo ambao ndo unaouona kwenye Bluetooth ya simu na mmoja wa data ambao programu ndo inaoushika, ukiunganisha wa kwanza peke yake utasikia simu mkononi lakini meseji hutoziona. Na programu ikikuuliza kuhusu vifaa vilivyo karibu, au kwa simu za zamani ikataka ruhusa ya mahali ulipo, ruhusu, mana kabla ya Android 12 simu zilikuwa zinataka ruhusa ya mahali ndo ziweze kutafuta vifaa vya Bluetooth vya aina hii.

Yakhe Fundi, mie natumia iPhone na bendi ya Huawei. Simu ikiita mkono unatikisika, lakini WhatsApp inakuja imeandikwa kuna meseji tu, haisemi kanena nini. Na wenzangu skuli wenye Android wanajibu kwa saa, "sawa" na "nakuja", mie sioni pa kujibia. Jee niliibiwa?
*Mwalimu, Wete*

Hukuibiwa yakhe. iPhone inapitisha arifa kwa njia yake yenyewe tokea mfumo wake wa iOS 7 wa 2013, yani bendi inazipokea kutoka kwa simu moja kwa moja na programu ya Huawei Health haina nguvu kubwa pale. Kwahiyo nenda Settings, Bluetooth, mbele ya jina la bendi yako kuna herufi i ndani ya duara, iguse, hakikisha Share System Notifications imewashwa. Kwako naona ipo, mana simu zinaita.

Kinachoficha maneno ni sehemu nyengine. Settings, Notifications, Show Previews. Ikiwa umeweka Never, simu inaficha maneno hata kwenye skrini yake, na bendi inapewa kilichofichwa vilevile. Weka Always, au ile ya kati inayoonesha simu ikiwa imefunguliwa, ila hiyo ya kati kwa bendi huleta utata kwa sababu simu inakuwa imefungwa mfukoni. Kisha ingia WhatsApp yenyewe, setingi zake, notifications, nako kuna Show Preview yake, iwashe. Ukimaliza hapo na bado meseji za mtu mmoja tu ndo zinakuja bila jina wala neno, angalia kama mazungumzo yake umeyafungia kwa kufuli ndani ya WhatsApp, mana yaliyofungwa hayasemi jina wala kilichoandikwa, na sababu ya kuyafungia unaijua mwenyewe mwalimu.

Kujibu ndo kama ulivyoona. Kwenye Android baadhi ya saa na bendi zinaruhusu majibu mafupi ya tayari, lakini kwenye iPhone bendi ya kampuni nyengine ni ya kusoma, kujibu kwa mkono Apple wamejiwekea wenyewe kwa saa yao. Kama kujibu ni muhimu kwako ama ubadilishe simu ama ubadilishe saa, na zote mbili ghali kwa mshahara wa ualimu, kwahiyo soma mkononi ujibu ukitoka darasani.

Na mwenye bendi ya Huawei kwenye Android nae asikilize: tokea vikwazo vya Marekani vya 2019 Huawei na Google haziendi sawa, na ile Huawei Health ya Playstore imebaki nyuma, bendi mpya zinakataa kuunganika nayo. Ishushe kutoka duka lao la AppGallery. Hapo sasa unaweza kukumbana na kile kizuizi cha kijana wa Mlandege, na hapa ndo pahala pekee nnaposema vidoti vitatu ni halali, mana unajua unashusha kwa nani.

Fundi mimi nalima mwani Paje. Maji yakitoka nnaingia shambani, simu naiacha kwenye mkoba juu kwenye mchanga na bendi nnavaa mana kaniambia muuzaji haiingii maji. Nataka skuli wakinipigia kuhusu mtoto nijue. Mbona haiji hata simu moja nikiwa baharini?
*Mkulima wa mwani, Paje*

Dada yangu hapa hakuna setingi itakayokusaidia. Bluetooth ya bendi hizi kwa kweli inafika kama mita 10, ikiwa hakuna kitu katikati ukabahatika inazidi kidogo. Wewe na mkoba wako wakati wa bamvua mnaweza kuachana mbali sana. Na maji ndo adui mkubwa zaidi, mawimbi ya Bluetooth yanamezwa na maji, kwahiyo hata simu ingekuwa karibu, mkono ukiwa chini ya maji unafunga vigingi bendi haisikii kitu mpaka uutoe. Mwili wa mtu nao ni maji matupu, ndo mana simu ikiwa mfuko wa nyuma na bendi mkono wa mbele inakatikakatika.

Kinachofaa ni simu kukaa na wewe. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha maji ya kuning'iniza shingoni inauzwa hata madukani mjini, weka simu humo, ifunge vizuri, ijaribu kwanza na karatasi kavu ndani ya ndoo ya maji kabla hujaiamini simu yako. Ikining'inia kifuani juu ya maji bendi itakupata. Kama hilo hulitaki basi simu umwachie mwenzako alie juu akuite kwa sauti, sauti ya mtu inafika mbali kuliko Bluetooth.

Usitegemee pia kwamba ukirudi kwenye mkoba bendi itakuhadithia zote zilizopita, bendi nyingi zinaonesha zile tu zilizoingia wakati zimeunganika. Angalia simu yenyewe.

Na maneno ya muuzaji kwamba haiingii maji yatazame vizuri. Nyuma ya bendi au kwenye boksi kukiandikwa 5 ATM maana yake imepimwa kwa mgandamizo wa maji yaliyotulia wa kama mita 50, kuogelea na kazi yako inatosha lakini si ya kuzamia. Ikiwa imeandikwa IP68 peke yake hiyo ni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na bahari ina chumvi. Ukitoka tu isuuze kwa maji ya mfereji, uikaushe na zile pini za kuchajia, chumvi ikikaa pale inazila na siku moja haitochaji.

Sheikh Fundi, mimi nipo kwenye gari ya 505. Bendi inanitikisa kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege, kundi la harusi, kundi la mazishi, kundi la mtaa, kundi la waliosoma pamoja. Alafu juzi pesa imeingia kwenye simu na abiria wa mbele kasoma salio langu mkononi kabla yangu, kaniomba nimkopeshe. Nizime kila kitu?
*Dereva wa 505*

Huyo abiria ana macho. Usizime kila kitu, punguza, na upunguze kutokea kwenye simu. Kwenye orodha ya programu za bendi acha simu zinazoita na WhatsApp, ondoa Facebook, Instagram, TikTok na ile michezo inayokuita urudi kucheza. Kisha WhatsApp ingia kila kundi ulinyamazishe milele, hakuna atakaejua mana WhatsApp haiwaambii wanakundi. Kundi la mazishi unaweza kuliacha, hilo habari zake hazingoji. Makundi mengine ukiyaweka kwenye kumbukumbu, yale yanayokaa juu kabisa yamefichwa, nayo hayakutikisi ilimradi setingi ya kuyabakisha humo iwe imewashwa.

Meseji za pesa ni nyepesi: zinakuja kwa meseji za kawaida, kwahiyo zima arifa za meseji za kawaida kwenye bendi na salio lako litabaki ndani ya simu. Nami nasema hata asieendesha gari afanye hivo, zile namba za siri za benki zinakuja njia hiyohiyo na hakuna faida yoyote ya kuziona mkononi kwenye gari iliyojaa. Simu za Android 15 zimeanza zenyewe kuzificha meseji zenye namba za kuthibitisha zisisomwe na kila programu inayosikiliza arifa, lakini simu nyingi za kwetu hazijafika huko.

Ukiwa kwenye usukani bendi iweke kwenye kimya, ule mchoro wa mwezi mwandamo, na uziache simu zinazoita peke yake kama bendi yako inaruhusu. Kusoma mkononi huku unapita Kariakoo na watu wanavuka nako ni hatari kama kusoma simu, mana mtu anajidanganya kwamba haikuchukua muda. Mwezi huohuo unaweza kuuwekea ratiba, bendi nyingi zinaruhusu saa za kulala, na wapo wanaouwasha kwa mkono wakiingia msikitini. Ukiusahau hapo ukatoka, siku nzima utasema bendi mbovu! Kabla hujaniandikia mimi, tazama kwanza kama ule mwezi haupo juu ya skrini.

Sasa yale mafupi mafupi.

Wakinitumia salamu kwa Kiarabu au vile vikatuni vya kucheka, bendi inaonesha visanduku vitupu. Imeharibika? *(Chake Chake)* Haijaharibika. Bendi ina herufi ilizotiwa kiwandani tu, za bei rahisi nyingi hazina Kiarabu wala vikatuni vyote, kwahiyo isichokijua inakiwekea kisanduku. Apudeti programu yake na bendi yenyewe kutoka ndani ya programu, mara nyengine apudeti inaleta herufi mpya. Ikishindikana, na ukiona visanduku asubuhi ya Ijumaa, bila shaka ni mtu anakusalimia.

Simu ikiita inanionesha namba, haioneshi jina, na mimi namba za watu sizijui. *(Mkunazini)* Programu ya bendi hujaipa ruhusa ya majina. Setingi, programu, ichague hiyo ya bendi, ruhusa, washa majina na simu, na kama ipo ya rekodi za simu nayo iwashe. Kisha zima bendi na uiwashe.

Programu ya adhana inaadhini kwenye simu, naweza kuipata mkononi? *(Mtoni)* Ndio, ni arifa kama arifa nyengine, ichague kwenye orodha. Isipoonekana kwenye orodha, isubiri itoe adhana moja kwanza, programu nyengine za bendi haziorodheshi kitu mpaka kishatoa arifa. Sauti haitotoka, mkono utatikisika tu, na kwa alfajiri hiyo inatosha kwa mtu asietaka kuwaamsha watoto.

Nina simu mbili, ya kazi na ya nyumbani, bendi moja. Naweza? *(Michenzani)* Bendi za kawaida zinashika simu moja kwa wakati mmoja. Ila laini mbili ndani ya simu moja haina shida, zote zinakuja.

Nimenunua bendi ya Xiaomi mtumba, nikiiunganisha simu inasema imefungwa na akaunti ya mtu mwengine. Nimeirisiti lakini wapi. *(Mwanakwerekwe)* Kuirisiti hakusaidii mana kufungwa kwenyewe kupo kwenye akaunti, hakupo kwenye bendi. Lazima mwenye nayo wa mwanzo aingie kwenye programu yake aiondoe bendi, hata kama simu ile hanayo tena anaweza kuingia kwa akaunti yake kwenye simu yoyote. Mrudie aliekuuzia amtafute, na kama hamjui alieitoa basi dai pesa yako, na ikiwa hataki kujibu alipoipata, hapo usiivae kabisa. Anaetaka kununua mtumba Darajani au kwengine, aunganishe na simu yake mwenyewe palepale dukani, atumiwe meseji moja aione mkononi, ndo atoe pesa.